Katiba za Misrata: vikosi vya mitaani na siasa ya wananchi katika mji wa bandari uliozingirwa mwaka 2011

Msomaji wa Kiswahili anayefuatilia vita vya Misrata katika taarifa za Kiarabu hukwama mapema kwenye neno moja. Kila kundi la wapiganaji wa mji ule lilijiita katiba, na yakiwa mengi yaliitwa kataib. Katika Kiarabu neno hilo hutaja kikosi cha askari. Sisi tuna neno la mzizi uleule wa herufi tatu, k-t-b, nalo tumelipa kazi ya kutaja sheria mama ya nchi. Nimelikumbuka neno hilo kila nilipokirudia kisa hiki, kwa sababu swali linalonishughulisha limejificha humo. Watu wa mji mmoja walijiundia katiba za aina ya kwanza kwa muda wa wiki chache, wakiwa wamezingirwa, bila serikali na bila jeshi, na katiba hizo zikawaokoa. Kwa nini hazikuweza kuwafikisha kwenye katiba ya aina ya pili? Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba nguvu ya vikosi vile ilitokana na kufahamiana, na siasa iliyojengwa juu ya kufahamiana hufika mpaka wake pale kufahamiana kunapoishia.

Misrata ni mji wa tatu kwa ukubwa nchini Libya, ulioko kiasi cha kilomita 200 mashariki mwa Tripoli, mahali ambapo pwani inakunja kona kuingia Ghuba ya Sirte. Kabla ya vita ulikadiriwa kuwa na wakazi 300,000 au zaidi kidogo. Bandari yake, Qasr Ahmad, haiko katikati ya mji. Iko upande wa mashariki, kilomita kama 12 kutoka katikati, jirani na kiwanda kikubwa cha chuma. Umbali huo ni wa kukumbukwa, kwani vita vyote vya mwaka 2011 vilikuwa vya kuamua kama barabara ya kwenda bandarini itabaki wazi. Watu wa mji huu wanajulikana Libya nzima kwa biashara: maduka ya jumla, uagizaji wa bidhaa, malori, mali za familia zinazorithishwa kutoka kizazi kimoja hadi kingine.

Wana pia kumbukumbu ndefu ya kujitawala. Mwaka 1915 kiongozi wao Ramadan al-Suwayhili, aliyekuwa amepangwa kupigana upande wa wakoloni wa Kiitalia, aliwageukia Waitalia hao katika vita vya Qardabiya na kuwashinda, na mwaka 1918 akawa mmoja wa viongozi wanne wa Jamhuri ya Tripolitania, iliyotangazwa magharibi mwa Libya. Aliuawa mwaka 1920 katika mapigano na watu wa kabila la Warfalla wa mji wa Bani Walid, na damu hiyo haijakauka katika masimulizi ya pande zote mbili. Muammar Gaddafi mwenyewe alimalizia masomo ya sekondari Misrata. Mwaka 1975 mmoja wa maafisa waliochukua madaraka pamoja naye, Omar al-Muhayshi, mwana wa Misrata, alijaribu kumpindua akashindwa.

Ili kuelewa kwa nini vikosi vilizaliwa mitaani, inafaa kukumbuka kwamba chini ya Gaddafi hapakuwa na mahali pengine pa kuzaliwa. Sheria namba 71 ya mwaka 1972 ilifanya kuunda chama cha siasa kuwa uhalifu, na vyama vya wafanyakazi na jumuiya za wanasheria vilikuwa mikononi mwa dola. Kilichobaki nje ya mkono wa serikali kilikuwa kidogo: ukoo, msikiti, duka, timu ya mpira, watu waliosoma darasa moja, majirani wa uchochoro mmoja. Mtu aliyetaka kumwamini mwenzake katika jambo la hatari alikuwa na mizani hiyo tu. Maasi yalipoanza Benghazi, mashariki mwa nchi, katikati ya Februari 2011, na vijana wa Misrata walipotoka barabarani kuwaunga mkono, walitoka na wale waliowajua kwa sura na kwa baba zao.

Maandamano ya siku zile yalijibiwa kwa risasi, na kila maziko yakawa maandamano mengine. Kufikia mwisho wa Februari maafisa wa serikali walikuwa wamekimbia au wamejificha. Kundi la mahakimu na mawakili liliunda kamati ya kuuendesha mji, ambayo baadaye ikawa baraza la mji chini ya hakimu Khalifa al-Zwawi, nayo ikagawa kazi za chakula, afya na usalama kwa kamati ndogo. Naona jambo hili lina uzito kuliko linavyopewa na wengi. Walioshika hatamu wakati silaha zilikuwa chache mno walikuwa watu wa mahakamani, na mamlaka yao yalitokana na heshima waliyokuwa nayo mjini, bila bunduki nyuma yao. Baraza lilitangulia vikosi, na kwa miezi yote ya vita vikosi vililisikiliza, ingawa halikuvianzisha na halikuwa na uwezo wa kuvilazimisha.

Tarehe 6 Machi msafara wa vifaru na magari ya jeshi uliingia mjini hadi karibu na mahakama. Wakazi waliupokea kwa chupa za petroli, baruti za wavuvi, bunduki za kuwindia na silaha chache zilizotekwa, na jioni wanajeshi walirudi walikotoka wakiacha magari yanayowaka. Ushindi huo ulikuwa wa siku chache tu. Kuanzia katikati ya Machi majeshi ya Gaddafi, yakiwemo ya brigedi ya 32 iliyoongozwa na mwanawe Khamis, yalirudi kwa nguvu zaidi, yakaingia kwa vifaru katika Barabara ya Tripoli, ambayo ndiyo njia kuu ya mji, na kupandisha wadunguaji kwenye majengo marefu. Umeme, maji na simu vilikatwa. Tarehe 17 Machi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1973 na siku mbili baadaye mashambulizi ya anga ya nchi za Magharibi dhidi ya majeshi ya Gaddafi yalianza, lakini ndege hazikuweza kumtoa mdunguaji ghorofani bila kubomoa mtaa mzima. Kwa zaidi ya mwezi mmoja mji ulikatwa pande tatu za nchi kavu, na upande wa nne ulikuwa bahari.

Ni katika wiki hizo ndipo vikosi vilipopata sura. Vingi vilianza na watu watano, kumi, au ishirini, majirani waliolinda mdomo wa uchochoro wao usiku. Hapakuwa na simu za kuitana, kwa hiyo habari zilibebwa na wajumbe kwa miguu na kwa magari, na kila kundi lilijua kwa hakika yale tu yaliyokuwa yakitokea umbali wa nyumba chache. Kiongozi alipatikana kwa njia ambayo mtu wa jeshi angeishangaa: wenzake walimtazama kwa siku kadhaa, wakaona nani hapotezi akili risasi zikilia na nani hagawi chakula kwa upendeleo, wakaanza kumfuata. Uamuzi wa kushambulia ulizungumzwa kwanza. Asiyekubaliana aliweza kurudi nyumbani au kuhamia kundi jingine, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumfunga kwa hilo. Walimu, madereva wa malori, wanafunzi wa chuo, wauza matairi na mafundi wa kiwandani walikaa kundi moja, na ukubwa wa mtu kazini haukumpa ukubwa vitani.

Tuangalie kwa karibu jambo moja walilolifanya, kwani linaeleza mengi kuliko takwimu. Jengo la bima lililoinuka juu ya Barabara ya Tripoli lilikuwa limejaa wadunguaji, na mradi wadunguaji waliendelea kupata maji, chakula na risasi kutoka kwa wenzao wa magharibi mwa mji, hakuna aliyeweza kuvuka barabara ile. Wapiganaji hawakuwa na silaha ya kubomoa jengo. Walikuwa na malori, na bandarini palikuwa na makontena. Basi wakajaza malori na makontena mchanga na kuyaburuta hadi yakakaa kukingama barabarani, moja baada ya jingine. Risasi hupenya bati la kontena kwa urahisi, lakini mchanga huizima. Kifaru kingeweza kulisukuma kontena zito namna ile, lakini kwa taratibu, na wakati kinahangaika kingekuwa wazi kwa watu wa vichochoroni waliokuwa wakikisubiri na roketi za begani. Kila kontena lilipoongezwa, wadunguaji walizidi kutengwa na njia yao ya chakula. Waliozingira mji wakajikuta wamezingirwa ndani yake, ghorofa kwa ghorofa.

Kazi hiyo ilihitaji dereva wa lori aliyekuwa tayari kuendesha mbele ya wadunguaji, mwenye lori aliyekubali kulipoteza, mtu wa bandari aliyetoa kontena, vijana wa mtaa wa kaskazini na vijana wa mtaa wa kusini waliokubaliana ni lini na wapi. Hakuna amri moja iliyowaunganisha. Waliunganishwa na kujuana, na pale ambapo wawili hawakujuana, palikuwa na wa tatu aliyewajua wote wawili. Katika karakana, mafundi wa kuchomelea waliyavalisha magari aina ya pikapu mabamba ya chuma mbele na ubavuni, wakapachika nyuma bunduki kubwa za kutungulia ndege, na kikosi kilichopata gari la namna hiyo kilihesabika. Majumbani wanawake walipika vyakula vilivyopelekwa mstari wa mbele kila siku, kwa masufuria ya ukubwa wa karamu, na chakula kilifika kwa watoto wa mtaa ule uliokipika kabla ya kufika kwa wengine. Naitaja hali hiyo bila kulaumu, kwa kuwa ndivyo vikosi vilivyoshiba. Lakini ndani yake kuna mbegu ya yaliyofuata.

Bandari ndiyo iliyozuia mji kufa. Kutoka Benghazi, zaidi ya kilomita 400 kuvuka ghuba, zilikuja boti za uvuvi na meli ndogo zikibeba unga, dawa, wapiganaji wa kujitolea na silaha, huku matajiri wa Misrata wa ndani na wa nje wakitoa fedha. Tarehe 3 Aprili feri ya Uturuki ilichukua majeruhi kwa mamia. Majeshi ya serikali yalilielewa jambo hilo, ndiyo maana roketi ziliangukia magati na mitaa ya jirani, na tarehe 29 Aprili meli za NATO zilikuta boti zikitega mabomu ya baharini mlangoni mwa bandari. Katikati ya Aprili watafiti wa haki za binadamu walikuta mjini mabaki ya mabomu ya vishada, yale yanayotawanya mabomu madogo mengi. Madaktari walikadiria wakati huo kwamba watu wapatao 1,000 walikuwa wameshauawa na 3,000 kujeruhiwa, wengi wao raia.

Bandarini palikuwa pia na kundi jingine la watu, ambalo simulizi za ushujaa wa Misrata hulipita haraka. Maelfu ya wafanyakazi wa kigeni, kutoka Misri, Bangladesh, Niger, Ghana, Nigeria na Chad, walikuwa wamepiga kambi kwenye mchanga nje ya magati, chini ya maturubai na mablanketi, wakisubiri meli. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilikodi meli, miongoni mwake Ionian Spirit iliyochukua karibu watu 1,000 kwa safari, na tarehe 4 Mei meli nyingine ilipakia watu huku makombora yakianguka bandarini. Hawa ndio waliokuwa wamejenga nyumba za Misrata, kufagia barabara zake na kupakua meli zake. Walikuwa wamezingirwa sawasawa na wenyeji, ila wao hawakuwa na mtaa. Hapakuwa na kikosi kilichowahesabu kuwa wake, na kwa vile ilisemwa nchi nzima kwamba Gaddafi anatumia mamluki kutoka kusini mwa Sahara, mtu mweusi alikuwa mashakani kabla hajafungua kinywa.

Tarehe 20 Aprili wapiga picha Tim Hetherington na Chris Hondros waliuawa kwa kombora katika Barabara ya Tripoli, na kwa siku chache dunia ikautazama mji kwa makini zaidi. Siku iliyofuata jengo la bima lilianguka mikononi mwa wapiganaji. Siku chache baadaye wanajeshi waliondoka katikati ya mji, na tarehe 11 Mei uwanja wa ndege ulitekwa. Vita vikahamia mashambani, hasa Dafniya upande wa magharibi, na huko vikosi vya mitaa vikajifunza kulinda mstari mrefu wa mahandaki kwa zamu. Sasa palikuwa na redio za mawasiliano na chumba cha kuratibu mashambulizi pamoja na NATO. Mmoja wa walioshughulikia uratibu huo katika baraza la kijeshi la mji alikuwa Fathi Bashagha, rubani wa zamani aliyekuwa akifanya biashara ya matairi.

Hapa yafaa kusema neno kuhusu lugha. Taarifa nyingi za Kiswahili ziliwaita watu hawa wanamgambo, na sina neno la mkato lililo bora zaidi. Hata hivyo, kwa Mtanzania mgambo ni mtu aliyefunzwa na dola, anayevaa sare ya dola na kuwajibika kwa mkuu wa wilaya. Katiba ya Misrata haikuwa na mkuu wa wilaya. Ilikuwa na mtaa wake, na iliwajibika kwa mama wa marehemu aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kona. Ndiyo maana uporaji ndani ya mji ulikuwa mdogo kuliko ambavyo mtu angetarajia penye silaha nyingi kiasi kile: kijana aliyeiba alijua ataonana na mwenye mali msikitini Ijumaa.

Ilipofika Novemba 2011 umoja wa wanamapinduzi wa Misrata ulikuwa umeandikisha vikosi 236, vyenye watu wapatao 40,000. Hesabu hiyo, kwa mji wenye idadi ile ya watu, inatisha, na ukiigawanya utaona kwamba kikosi cha kawaida hakikufika watu 200. Hawa wote walijiona ni mapinduzi yenyewe, na hawakuwa tayari kukabidhi mapinduzi kwa mtu yeyote aliyekaa Benghazi au Tripoli. Aprili, wakati baraza la mpito la waasi lililokaa Benghazi likikataa kata kata askari wa kigeni nchi kavu, viongozi wa Misrata waliomba wazi Ufaransa na Uingereza zilete askari. Agosti, baada ya Tripoli kuanguka, ilivuma kwamba afisa wa zamani wa Gaddafi aliyedaiwa kuhusika katika kuzingirwa kwa mji wao angepewa usalama wa mji mkuu, na watu wa Misrata walijaa uwanjani kupinga. Wapiganaji wao waliokuwa Tripoli walisema hawatamtii. Siasa ya wananchi kwa maana yake kamili ilikuwa hiyo: uwanja uliojaa, baraza lililousikiliza, na vikosi vilivyosimama nyuma ya uwanja. Naiheshimu. Mji ambao miaka 40 haukuwa na haki ya kusema neno ulikuwa umejifunza kusema kwa pamoja.

Oktoba ulimwengu uliona sura nyingine ya umoja huo. Gaddafi alikamatwa Sirte tarehe 20 Oktoba na vikosi vya Misrata, akauawa, na maiti yake ikapelekwa Misrata na kulazwa sakafuni katika chumba baridi cha kuhifadhia nyama sokoni. Kwa siku nne watu walipanga foleni kuitazama, wengine wakiwa wamewashika watoto wao mikono, wakiziba pua kadiri siku zilivyosonga. Serikali ya mpito ilitoa kauli tofauti kila siku kuhusu maziko na uchunguzi, lakini ufunguo wa chumba kile ulikuwa Misrata. Alizikwa kwa siri tarehe 25. Tunaweza kubishana kuhusu adabu ya tendo lile, na mimi naliona ni aibu kwa mujibu wa dini yao wenyewe, inayohimiza kumzika maiti haraka. Kwa uchambuzi, la kuzingatia ni jingine: uamuzi juu ya maiti ya mtawala wa nchi ulikuwa mikononi mwa mji mmoja.

Kisa cha Tawergha ndicho kizito kuliko vyote. Mji huo mdogo, uliokuwa na wakazi kati ya 30,000 na 40,000 kabla ya vita, uko kiasi cha kilomita 40 kusini mwa Misrata, na wakazi wake wengi ni weusi, wanaosemwa kuwa wazao wa watumwa. Wakati wa vita majeshi ya Gaddafi yaliutumia kama kambi ya kuupigia Misrata, na vijana wengi wa Tawergha walipigana upande wake. Watu wa Misrata waliwatuhumu kwa mauaji, uporaji na ubakaji, na sina sababu ya kudai kwamba hakuna aliyetenda maovu hayo. Agosti 2011 vikosi vya Misrata viliuteka mji huo, na wakazi wote, watoto na vikongwe wakiwemo, wakaukimbia. Hawakuruhusiwa kurudi. Nyumba zilichomwa mfululizo ili zisikalike tena, jina la mji likafutwa kwenye vibao vya barabarani, na kwenye njia ya kwenda huko mwandishi mmoja wa habari alikuta maandishi ukutani yaliyokisifu kikosi kilichojipa kazi ya kuwasafisha watumwa, watu wa ngozi nyeusi. Wakimbizi walitawanyika kwenye kambi za Tripoli, Benghazi na kwingineko, na hata huko hawakuwa salama: Februari 2012 kambi yao ya Janzour ilivamiwa na watu saba kuuawa.

Ni kosa, kwa maoni yangu, kulisoma tukio hili kama uovu wa makundi machache yaliyoasi nidhamu. Kufukuzwa kwa Tawergha kuliungwa mkono mjini na watu wa kila tabaka, wakiwemo mahakimu walewale walioanza kwa kugawa unga kwa haki. Kanuni iliyokuwa imezuia uporaji ndani ya Misrata, kwamba mtu anawajibika kwa wale anaoonana nao, haikuwa na cha kusema juu ya watu ambao hakuna aliyetarajia kuonana nao tena. Hapakuwa na mpatanishi wa tatu aliyewajua wote wawili, au kama alikuwepo, alinyamaza. Adhabu ikawa ya wote kwa sababu ujasiri nao ulikuwa umehesabiwa wa wote: mtaa mzima ni shujaa, basi mji mzima ni mhalifu. Na chini ya yote kulikuwa na ubaguzi wa rangi uliotangulia vita, ambao msomaji wa pwani yetu anautambua bila kuelezwa, kwani nasi tuna maneno yetu ya kumkumbusha mtu kwamba babu yake alinunuliwa.

Yaliyotokea katika magereza yalifuata njia hiyohiyo. Vikosi vilikuwa na mahabusu wao, kila kimoja kikiwashika waliodaiwa kuukosea mtaa wake. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wakiwatibu mahabusu Misrata tangu Agosti 2011, na tarehe 26 Januari 2012 walitangaza kusitisha kazi hiyo baada ya kuhesabu watu 115 wenye majeraha ya mateso. Walisema wagonjwa waliletwa kwao katikati ya kuhojiwa ili watibiwe wapate nguvu ya kuhojiwa tena. Siku 25 baadaye, tarehe 20 Februari, mji huohuo ulifanya uchaguzi wa baraza lake, wa viti 28, miongoni mwa chaguzi huru za kwanza nchini baada ya Gaddafi, na kwa taarifa zote ulikwenda kwa utulivu na furaha, watu wakipanga mstari na kutoka na kidole chenye wino. Wengi huandika matukio haya mawili katika sura tofauti, moja la aibu na moja la matumaini. Mimi nayaona ni tukio moja. Wapiga kura na walinzi wa mahabusu walikuwa jamaa wale wale, na uchaguzi ule ulikuwa wa kweli kwa sababu uliwahusu watu wanaojuana.

Miaka iliyofuata ilithibitisha nani alikuwa na mamlaka juu ya vikosi. Oktoba 2012 vikosi vya Misrata, kwa azimio la bunge jipya, viliuzingira Bani Walid, baada ya kijana mmoja wa Misrata aliyeshiriki kumkamata Gaddafi kushikwa huko na kufariki kwa majeraha yake. Damu ya mwaka 1920 ikatajwa tena na pande zote. Tarehe 15 Novemba 2013, katika mtaa wa Gharghour mjini Tripoli, waandamanaji waliotaka kikosi cha Misrata kiondoke walifyatuliwa risasi na zaidi ya 40 wakauawa. Serikali ilikuwa imeshatoa amri nyingi za vikosi kuondoka na hazikutekelezwa. Baraza la mji wa Misrata lilipotoa yake, likiwapa wapiganaji saa 72, waliondoka. Mwaka 2016 ni vijana wa mji huo waliobeba sehemu kubwa ya vita vya kuwatoa Sirte wapiganaji wa kundi lililojiita Dola la Kiislamu, na upande wao ulipoteza zaidi ya watu 700 kwa miezi saba. Hata Mei 2022, Bashagha alipojaribu kuingia Tripoli kuchukua uwaziri mkuu kutoka kwa Abdelhamid Dbeibah, wote wawili walikuwa wana wa Misrata, na vikosi vya mji wao vilikuwa pande zote mbili.

Desemba 2017 serikali iliyotambuliwa na Umoja wa Mataifa ilitangaza kwamba watu wa Tawergha wataanza kurudi kwao tarehe 1 Februari 2018. Siku hiyo familia zilifunga mizigo, zikapanda magari kutoka kambi za magharibi na mashariki, zikaelekea nyumbani baada ya miaka sita na nusu. Barabarani walikuta vizuizi vya wapiganaji wa Misrata, wakarudishwa. Wengine walikataa kurudi kambini, wakapiga mahema jangwani mahali panapoitwa Qararat al-Qatf, katika baridi ya Februari, na kukaa hapo majuma kwa majuma wakisubiri ruhusa ya watu ambao miaka saba nyuma walikuwa wakijaza mchanga kwenye makontena ili mji wao usikatwe. Makubaliano yalitiwa saini Juni mwaka huo, na baadhi ya familia zikaanza kurudi kwenye nyumba zisizo na mapaa.